Barabarani Wakati wa Hofu: Wanamuziki wa Jazi katika Miaka ya Vita Baridi

Ziara ya mwanamuziki wa jazi ni kazi yenye sehemu mbili zisizolingana: saa moja au mbili za jukwaani, ambazo hadhira inaziona na kuzilipia, na saa nyingine zote za siku, ambazo huishia ndani ya basi, garimoshi, kiwanja cha ndege, chumba cha hoteli na foleni ya ukaguzi wa pasipoti, na ambazo hakuna anayezipigia makofi. Jazi yenyewe ni muziki uliozaliwa miongoni mwa Wamarekani Weusi wa New Orleans, kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, na msingi wake mkubwa ni ubunifu wa papo hapo, yaani desturi ya mpigaji kutunga sehemu ya muziki wakati uleule anapoupiga, huku akiwasikiliza wenzake na kuwajibu. Anayepiga muziki ulioandikwa wote kwa noti anaweza kuegemea karatasi siku akiwa amechoka au ameingiwa na wasiwasi. Mpigaji wa jazi hana karatasi ya kuegemea, na kwa hiyo uchovu, hofu na huzuni yake hupenya katika sauti anayoitoa.

Hali hiyo ilijitokeza waziwazi zaidi katika miaka ya Vita Baridi, lile shindano la muda mrefu baina ya Marekani na Muungano wa Kisovieti, ambapo mataifa hayo mawili, yakiwa yamejilimbikizia mabomu ya nyuklia, yaliepuka kupigana moja kwa moja na badala yake yakagombea marafiki, hasa miongoni mwa nchi za Asia na Afrika zilizokuwa zikijikomboa kutoka katika ukoloni. Kuanzia mwaka 1956 serikali ya Marekani iliwatuma wanamuziki wa jazi ng'ambo ili waitangaze nchi yao kuwa nchi ya uhuru, ilhali wengi wa wanamuziki hao, kwa sababu ya weusi wao, hawakuweza kula wala kulala katika sehemu kubwa ya hoteli za nchi hiyohiyo. Ziara hizo mara nyingi husimuliwa kama ushindi wa diplomasia, au kinyume chake, kama ujanja wa wanasiasa uliowatumia wasanii. Masimulizi yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini yote mawili huwasahau wanamuziki wenyewe, ambao walikuwa wamejifunza kuishi safarini wakiwa na hofu muda mrefu kabla ya serikali kuwakabidhi tikiti za ndege, na ambao elimu hiyo ndiyo iliyowawezesha kubaki wakweli mahali ambapo walitarajiwa kusema uongo.

Chuo cha barabarani

Kati ya miaka ya 1930 na 1950, bendi ya jazi iliishi kwa maonyesho ya usiku mmoja mmoja: leo mji huu, kesho mji mwingine ulio mamia ya kilomita mbali, na katikati yake safari ya usiku kucha, kwa sababu siku isiyo na onyesho ilikuwa siku isiyo na malipo. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani, sheria za ubaguzi wa rangi zilitenganisha Weusi na Wazungu katika shule, treni, hoteli, migahawa, vyoo na hata mabomba ya maji ya kunywa. Bendi ya Weusi iliweza kujaza ukumbi kwa wachezaji dansi wa Kizungu, na muziki ulipokwisha ikakosa mahali pa kununua chakula katika mji huohuo uliokuwa ukiishangilia.

Wasanii walitafuta njia za kuizunguka hali hiyo. Duke Ellington, mpiga piano na mmoja wa watunzi wakubwa zaidi wa karne ya 20, katika miaka ya 1930 alikodi mabehewa maalumu ya treni kwa ziara za kusini, ili bendi yake ilale na kula humo bila kumwomba mtu yeyote chumba. Wasio na uwezo huo walitegemea nyumba za watu Weusi wenzao waliowakaribisha wageni kwa malipo, na kuanzia mwaka 1936 walitegemea pia kijitabu kilichoitwa Kitabu cha Kijani, kilichoanzishwa na Victor Hugo Green, tarishi wa posta wa Harlem mjini New York, ambacho kiliorodhesha hoteli, vituo vya mafuta, vinyozi na migahawa iliyowapokea wasafiri Weusi. Msafiri alipanga safari yake kwa kukisoma kijitabu hicho kama nahodha anavyoisoma ramani ya miamba, kwa sababu kukosea mji wa kulala kungeweza kumletea matusi, kipigo au mahabusu.

Bendi ya wanawake ya International Sweethearts of Rhythm, iliyovuma katika miaka ya 1940 na iliyochanganya wapigaji wa rangi mbalimbali, ililala ndani ya basi lake, na wanawake wa Kizungu waliokuwamo walipaka nyuso zao vipodozi vya rangi nyeusi walipopita kusini, kwa kuwa sheria za huko hazikuwaruhusu kusafiri na kupiga muziki pamoja na wenzao. Hatari ilikuwamo pia katika barabara yenyewe. Tarehe 26 Juni 1956, usiku wa mvua, mpiga tarumbeta Clifford Brown, aliyekuwa na umri wa miaka 25 na ambaye tayari alihesabiwa miongoni mwa mahodari wa kizazi chake, alifariki katika ajali ya gari huko Pennsylvania akielekea Chicago kwenye onyesho lililofuata, pamoja na mpiga piano Richie Powell na mke wake Nancy. Max Roach, mpiga ngoma aliyeiongoza bendi hiyo pamoja na Brown, alikuwa akisafiri kwa gari jingine. Jina lake litarejea katika makala haya, kwa sababu huzuni za barabarani hazikumnyamazisha.

Wahenga walisema kwamba ng'ombe akivunjika guu malishoni hujikokota zizini kusaidiwa. Mwanamuziki Mweusi wa Marekani alikuwa na taabu ya pekee: malisho yake na zizi lake vilikuwa ndani ya uzio mmoja, na uzio huo ndio uliomjeruhi. Kwa sababu hiyo bendi yenyewe iligeuka kuwa zizi, mahali ambapo watu kumi au ishirini walijuana tabia, walikopeshana fedha, walichekeshana ili usiku uishe, na kila mmoja alimtambua mwenzake kwa sauti ya ala yake hata gizani.

Tikiti kutoka serikalini

Mwaka 1954 Rais Dwight Eisenhower aliomba fedha za dharura za kupeleka sanaa ya Marekani ng'ambo, kwa kuwa Wasovieti walikuwa wakiwasafirisha wacheza baleti na wapigaji wao mashuhuri na kuwaambia walimwengu kwamba Marekani ni nchi tajiri isiyo na utamaduni. Mwanzoni fedha hizo ziliwaendea zaidi wapigaji wa muziki wa klasiki wa Ulaya na vikundi vya dansi. Aliyesukuma jazi iingizwe katika mpango huo alikuwa Adam Clayton Powell Mdogo, mbunge Mweusi wa Harlem, ambaye mwaka 1955 alihudhuria mkutano wa Bandung, nchini Indonesia, uliowakutanisha viongozi wa Asia na Afrika, na akaona jinsi habari za ubaguzi zilivyoiharibia Marekani jina mbele ya watu wengi wa dunia.

Masikio ya ng'ambo yalikuwa tayari. Tangu mwaka 1955 redio ya serikali ya Marekani, Sauti ya Amerika, ilirusha kila usiku kipindi cha jazi kilichotangazwa na Willis Conover, aliyezungumza kwa sauti nzito na kwa Kiingereza cha polepole ili wasiojua lugha hiyo vizuri wamfuate, na ambaye alipendwa kuanzia Poland hadi Muungano wa Kisovieti huku nchini kwake akiwa hajulikani, kwa kuwa sheria ilizuia matangazo ya redio hiyo kuelekezwa kwa Wamarekani wenyewe. Katika miji ya Kisovieti, vijana waliokosa santuri walinunua kwa siri nakala zilizochongwa juu ya picha za eksirei zilizotupwa na hospitali, hivi kwamba ukiinua santuri hiyo kwenye mwanga uliona mbavu za mtu usiyemjua, na ukiiweka chini ya sindano ulisikia muziki uliokatazwa. Kiu ya namna hiyo ndiyo iliyowangoja wanamuziki.

Wa kwanza kuondoka, mwezi Machi 1956, alikuwa mpiga tarumbeta John Birks Gillespie, aliyejulikana zaidi kwa jina la Dizzy, mmoja wa waasisi wa mtindo wa bibapu, ambao ni jazi ya kasi yenye mapatano magumu ya sauti. Bendi yake kubwa, iliyosimamiwa kimuziki na kijana Quincy Jones, ilipita Iran, Pakistan, Syria, Lebanon, Uturuki, Yugoslavia na Ugiriki. Humo walikuwamo Weusi na Wazungu, na alikuwamo mwanamke, Melba Liston, mpiga tromboni na mpangaji wa muziki, yaani mtu anayeamua kila ala katika bendi ipige nini na wakati gani, ambaye baadhi ya wanaume walinung'unikia kuitwa kwake mpaka walipokaa chini na kuupiga muziki aliouandika.

Maofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje walitaka kumwelekeza Gillespie namna ya kujibu maswali kuhusu ubaguzi wa rangi. Alikataa kuhudhuria kikao hicho, kwa hoja kwamba historia ya watu wake ilikuwa imekwisha kumfundisha vya kutosha na kwamba angejibu kwa uaminifu kila atakapoulizwa. Mjini Ankara bendi ilialikwa kupiga katika bustani ya klabu ya watu wenye nafasi, na alipowaona watoto wenye nguo zilizochakaa wakizuiwa nje ya ukuta, alikataa kupuliza tarumbeta mpaka malango yafunguliwe, akieleza kwamba amekuja kuwapigia watu wote. Malango yakafunguliwa. Athens aliwasili muda mfupi baada ya wanafunzi kuzipiga mawe ofisi za habari za Marekani kwa hasira ya kisiasa, na onyesho lilipokwisha vijana wa mji huohuo walimbeba mabegani wakishangilia. Nyumbani maseneta wa kusini, wakiongozwa na Allen Ellender wa Louisiana, walilalamika kwamba fedha za umma zinatumika kupeleka kelele ng'ambo.

Usione vyaelea, vimeundwa. Onyesho lililomalizika kwa kubebwa mabegani liliundwa na mwili uliochoka, na mwili wa mpigaji wa ala ya kupuliza una sehemu moja inayobeba kazi yote, ambayo ni midomo. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa New Orleans aliyezaliwa mwaka 1901 na ambaye kuliko mtu mwingine yeyote ndiye aliyeifanya jazi kuwa sanaa ya mpigaji mmoja anayesimama mbele ya wenzake, alikuwa na kovu la kudumu mdomoni kutokana na miaka mingi ya kubana chuma dhidi ya nyama, na alisafiri na marhamu maalumu ya kupaka midomo iliyotengenezwa na mpiga ala wa Kijerumani. Pamoja na marhamu hiyo alibeba leso nyeupe za kufutia jasho, taipureta ya kuandikia barua, na mashine za kurekodi kwa kanda, ambazo aliziwasha katika vyumba vya hoteli na vya kubadilishia nguo ili ahifadhi maongezi, muziki na vichekesho vya marafiki, kisha akazipamba jalada za kanda hizo kwa vipande vya picha na magazeti alivyovibandika kwa mkono wake. Mtu aliyelala mbali na nyumba yake karibu usiku 300 kwa mwaka alijitengenezea nyumba ya sauti inayobebeka.

Kukataa kuondoka

Armstrong ndiye aliyeonyesha kwamba kutosafiri nako kunaweza kuwa tendo la ziara. Mwezi Septemba 1957 gavana wa Arkansas, Orval Faubus, aliwapanga askari wa jimbo kuwazuia wanafunzi tisa Weusi kuingia katika shule ya sekondari ya Little Rock, ingawa mahakama ilikuwa imeamuru wapokelewe, na Rais Eisenhower akasitasita kuchukua hatua. Wakati huo Armstrong alikuwa katika ziara ya kawaida huko Grand Forks, North Dakota, na serikali ilikuwa ikipanga kumpeleka Muungano wa Kisovieti. Mwandishi kijana wa gazeti la mji huo alipofika hotelini kumhoji, msanii aliyezoeleka kwa tabasamu alimweleza kwa maneno makali kwamba gavana ni mtu asiyejua lolote, kwamba rais hana ujasiri, na kwamba hawezi kwenda kuitetea ng'ambo serikali inayowatendea watu wake namna ile. Habari hiyo ilienea nchi nzima, baadhi ya maonyesho yake yakafutwa na maneno ya kulaani yakamwangukia. Wiki moja baadaye rais aliwatuma askari wa jeshi la taifa kuwasindikiza wanafunzi, na Armstrong akamtumia salamu za pongezi. Lakini safari ya Kisovieti hakuifanya.

Uamuzi huo ulikuwa na uzito kwa sababu maisha ya mwanamuziki wa ziara hutegemea kukubali: anayekataa onyesho leo hana hakika ya kuitwa kesho. Mpiga piano wa Kizungu Dave Brubeck alilijua hilo mwaka 1960, pale vyuo vya kusini mwa Marekani vilipomtaka amwache mpiga besi wake Mweusi, Eugene Wright, na ampeleke Mzungu badala yake. Brubeck alikataa, na sehemu kubwa ya ziara ya maonyesho 25 ikaporomoka. Kilichofanya jambo hilo liwe chungu zaidi ni kwamba miaka miwili tu kabla yake, Wright huyohuyo alikuwa amepiga besi kwa niaba ya Marekani mbele ya maelfu ya watu ng'ambo.

Masikio ya msafiri

Ziara ya Brubeck ya mwaka 1958 ilianzia Ulaya na kupita nchi 14, zikiwemo Poland, Uturuki, Afghanistan, Pakistan, India, Ceylon, Iran na Iraki. Ndani ya Poland, nchi iliyotawaliwa na chama cha kikomunisti, alikuta wasikilizaji waliojua santuri zake kwa moyo kupitia redio, na kwa kuwashukuru alitunga kipande cha piano kilichopewa jina la neno la Kipoland la kusema asante, chenye heshima kwa Chopin, mtunzi mkuu wa nchi hiyo. Mjini Istanbul aliwasikia wapigaji wa mitaani wakipiga mdundo wa mapigo tisa, unaogawanywa mawili, mawili, mawili na matatu, tofauti na jazi nyingi za wakati huo zilizokwenda kwa mapigo manne, na mdundo huo akaupeleka nyumbani ukawa msingi wa kipande cha kufungulia santuri yake ya mwaka 1959, *Time Out*, ambayo iliuzwa kuliko santuri nyingi za jazi kabla yake. Mwezi Julai 1958, wiki chache baada ya bendi kuondoka Baghdad, mapinduzi yaliuangusha ufalme wa Iraki.

Duke Ellington hakupata bahati ya kuwahi kuondoka. Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 64, aliipeleka okestra yake Mashariki ya Kati na Asia ya Kusini pamoja na mtunzi mwenzake Billy Strayhorn, akaugua njiani akiwa India, akapona, akaendelea. Mwezi Novemba walipokuwa Baghdad mapigano ya kuwania madaraka yalizuka na ndege za kijeshi zikaishambulia ikulu, na okestra ikapiga muziki wake katika mji wenye vifaru mitaani. Siku chache baadaye, tarehe 22 Novemba, walikuwa Ankara habari za kuuawa kwa Rais John Kennedy zilipowafikia, na serikali ikaifuta sehemu iliyobaki ya safari, jambo ambalo Ellington alilisikitikia, kwani aliamini kwamba muziki una kazi ya kufanya hata msibani. Kutokana na ziara hiyo, yeye na Strayhorn waliandika mfululizo uitwao *Far East Suite*, uliorekodiwa mwaka 1966, ambamo mji wa Isfahan wa Iran umepewa wimbo wa saksafoni mororo usiobeba hata chembe ya milio ya bunduki. Katika kuandika hawakutaka kuiga walichokisikia bali kukiacha kizame ndani yao kwanza.

Kongo, 1960

Mwaka 1960, uliotwaa nchi 17 za Afrika kutoka mikononi mwa wakoloni, Armstrong alizunguka bara hili kwa miezi kadhaa, sehemu ya safari ikilipiwa na kampuni ya vinywaji na sehemu na serikali. Mwaka mmoja kabla alikuwa amepatwa na mshtuko wa moyo akiwa ziarani Italia, na badala ya kupumzika alirejea jukwaani upesi. Safari hiyo ilimfikisha pia Nairobi, katika ukanda ambao neno "jazz" lilikuwa limekwisha kupata maisha mapya: bendi kama Dar es Salaam Jazz, iliyoundwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz, ya mwaka 1944, zililichukua jina hilo kwa heshima na usasa wake, huku zikipiga muziki wa dansi uliokuwa na damu ya rumba na ya nyumbani. Kongo nako kulikuwa na OK Jazz, na kulikuwa na African Jazz ya Joseph Kabasele, ambayo mwanzoni mwa mwaka 1960 ilisafiri hadi Brussels kuwatumbuiza wajumbe waliokuwa wakijadili uhuru wa nchi yao, na huko ikatunga wimbo wa kuusherehekea uhuru uliochezwa karibu bara zima.

Uhuru huo ulipopatikana tarehe 30 Juni haukukaa hata wiki mbili bila msukosuko. Tarehe 11 Julai Moise Tshombe aliutangaza mkoa wa Katanga kuwa nchi inayojitenga, akiungwa mkono na maslahi ya Kibelgiji yaliyoitegemea shaba ya huko. Katanga hiyo ndiyo iliyokuwa na mgodi wa Shinkolobwe, ulikotoka urani ya bomu lililoteketeza Hiroshima. Mwezi Septemba Kanali Joseph Mobutu alitwaa madaraka, na Waziri Mkuu Patrice Lumumba akazungukwa na askari nyumbani kwake. Katika mji mkuu uleule, Leopoldville, ambao leo ni Kinshasa, Armstrong alipokewa mwishoni mwa Oktoba kwa ngoma na kubebwa juu ya kiti cha enzi mabegani mwa watu. Simulizi iliyorudiwa mara nyingi husema kwamba pande zinazopigana ziliweka silaha chini ili zimsikilize. Lililo hakika ni kwamba mwezi Novemba alipiga muziki pia Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mji wa migodi unaozungumza Kiswahili, na kwamba karamu aliyofanyiwa huko iliwapa maofisa wa Marekani, ambao serikali yao haikuitambua Katanga, nafasi ya kukaa meza moja na Tshombe. Utafiti wa wanahistoria umeonyesha kwamba mkuu wa shirika la ujasusi la Marekani nchini Kongo alikuwa miongoni mwao. Mtu aliyekataa kwenda Moscow ili asifanywe pambo la serikali aliwekwa mezani Katanga kama pambo, na hakuna dalili kwamba alijua nani hasa walikuwa wakila naye.

Katika mwezi huohuo wa Novemba, mjini New York, mpiga piano Randy Weston alikuwa akirekodi santuri aliyoipa jina la Kiswahili, *Uhuru Afrika*. Alikuwa amewauliza Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa ni lugha gani ingefaa kulisemea bara zima, nao wakamwelekeza kwenye Kiswahili. Mshairi Langston Hughes akaandika maneno, na Tuntemeke Sanga, mzaliwa wa Tanganyika, akayasoma kwa Kiswahili mbele ya okestra kubwa. Aliyeupanga muziki huo alikuwa Melba Liston yuleyule wa ziara ya Gillespie, na miongoni mwa wapigaji alikuwamo Max Roach, aliyempoteza Clifford Brown barabarani. Serikali ya makaburu wa Afrika Kusini baadaye iliipiga marufuku santuri hiyo, na kwa kufanya hivyo ilithibitisha kwamba imeielewa.

Mwisho wa mambo hayo ulifika katika wiki moja. Mwezi Januari 1961 bendi ya Armstrong ilipokuwa Sierra Leone, mwimbaji wake Velma Middleton, mwanamke mnene mwepesi wa miguu aliyekuwa akiimba, kucheza na kutaniana naye jukwaani tangu mwaka 1942, alipatwa na kiharusi. Ratiba ilikuwa imekwisha kupangwa, kumbi zilikuwa zimekwisha kuuza tikiti, na bendi ikaendelea na safari. Yeye akabaki hospitalini Freetown, katika nchi ambamo hakuwa na ndugu, na huko akafariki tarehe 10 Februari akiwa na umri wa miaka 43. Tarehe 13 Februari serikali ya Katanga ilitangaza kifo cha Lumumba, ambaye kwa kweli alikuwa amekwisha kuuawa tarehe 17 Januari karibu na mji uleule wa Elisabethville, chini ya miezi miwili baada ya tarumbeta kusikika pale. Tarehe 15 Februari mwimbaji wa jazi Abbey Lincoln, mwandishi Maya Angelou, Max Roach na wenzao walisimama ndani ya ukumbi wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa wakipaza sauti kumlilia Lumumba, mpaka walinzi walipowatoa kwa nguvu.

Matukio hayo matatu kwa kawaida huandikwa katika vitabu tofauti: la kwanza katika historia ya muziki, la pili katika historia ya Kongo, la tatu katika historia ya harakati za Weusi. Waliokuwa safarini hawakuwa na anasa ya kuyatenganisha. Kwao yalikuwa barabara ileile iliyoanzia katika miji ya kusini isiyo na chakula cha kuwauzia, ikapita katika Kitabu cha Kijani na basi la kulalia, ikafika kwenye malango ya Ankara na kwenye meza ya Katanga. Na katika kila kituo walifanya kitu kimoja wasichoweza kuamriwa na wizara yoyote, yaani kuwasikiliza waliokuwa mbele yao na kuwajibu papo hapo. Kumbukumbu za safari zinamhesabu Velma Middleton miongoni mwa waliotumwa kuonyesha uhuru. Anastahili kuhesabiwa pia miongoni mwa waliougharamia, na kila anayeisikiliza sauti yake katika santuri za Armstrong za miaka ya 1950, akicheka katikati ya ubeti kwa pumzi ya mtu aliyetoka kusafiri usiku kucha, anasikia gharama hiyo pamoja na furaha.